Konsaltanti wa kinga ya VVU na kupunguza madhara: namna ya kuanza ukiwa Dar

Tangu mwanzoni mwa 2025 simu yangu haipoi. Marekani waliposimamisha misaada Januari ile, ofisi kibao hapa Dar zilipunguza watu ndani ya wiki chache, afu Julai 1 USAID ikaisha rasmi, wauguzi, maafisa mradi, watu wa takwimu, waelimishaji rika, wote wakajikuta nyumbani na mikataba mkononi, na wengi wananiuliza swali hilohilo: dada, hii konsaltansi unaifanyaje, mtu anaanzia wapi? Nimekuwa nikijibu mmojammoja, sasa naandika yote sehemu moja ili mtu asome mwenyewe kwa nafasi yake.

Mi nilianza kama muuguzi, nikaenda uga, yani kuwafuata watu kulekule walipo, na mashirika miaka sita, na huu ni mwaka wa tisa najitegemea. Kabla hatujaingia kwenye hatua nataka ulishike jambo moja. Mteja anakulipa kwa ajili ya ripoti, lakini ripoti inatoka kwa watu wa maskani, zile sehemu ambazo wanaotumia dawa za kulevya wanakutana, waliokubali kukuambia ukweli, na hao ukishawapoteza huna cha kuuza tena hata uwe na digrii tatu. Karibu kila hatua humu chini inarudi hapo.

Hatua ya 1: Jua unaingia kwenye nini

Kupunguza madhara maana yake unamhudumia mtu ambaye bado anatumia dawa za kulevya, hajaacha na pengine hataacha mwezi huu wala ujao, ili wakati huohuo asipate VVU, asipate homa ya ini, asife kwa kuzidisha dozi, na mlango wa matibabu ubaki wazi siku akitaka kuingia. Sindano safi, methadoni (dawa ya maji inayonywewa kila siku badala ya heroini), kondomu, kupima, ARV. Amsterdam walipoanza kubadilishana sindano mwaka 1984 waliosukuma hoja ni chama cha watumiaji wenyewe, kwa sababu homa ya ini aina ya B ilikuwa inawamaliza. Nakuambia hili mapema kwa sababu fani hii toka mwanzo ni ya watu wanaotumia, wataalamu walikuja nyuma yao.

Kwetu methadoni ilianza Muhimbili, Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, afu Temeke, baadaye ikatoka nje ya Dar. Temeke ndo Médecins du Monde, shirika la madaktari la Ufaransa, walikofanya kazi ya sindano na kituo cha watu kuingia kupumzika, kuoga na kupima. Wenzetu Kenya walianza methadoni mwishoni mwa 2014. Kuna orodha ya afua 9, yani huduma, ya mashirika ya umoja wa mataifa, WHO, UNODC na UNAIDS, ilitoka 2009 ikaboreshwa 2012: sindano, methadoni na dawa za aina hiyo, kupima VVU, ARV, magonjwa ya zinaa, kondomu, elimu inayomlenga mhusika, homa ya ini, kifua kikuu. Baadaye na naloksoni, ile dawa ya kumrudisha aliyezidisha heroini, ikaingia kwenye mapendekezo ya WHO. Hizo tisa zijue kama unavyojua vituo vya daladala njia ya kwenu, maana robo tatu ya kazi utakazopewa ni kuuliza ipi ipo, ipi haipo, na kwa nini.

Na VVU kwa ujumla, angalia namba za utafiti wa kitaifa wa 2022-2023. Watu wazima wanaoishi na VVU ni asilimia 4.4. Kati yao wanaojua hali zao ni 82.7. Kati ya wanaojua, walio kwenye ARV ni 97.9, na kati ya walio kwenye ARV, waliofubaza virusi ni 94.3. Yani mtu akishajulikana mambo yanaenda vizuri, tatizo liko kwa yule ambaye hajafikiwa, na huyo mara nyingi yupo sehemu ambayo afisa wa ofisini hapajui. Kazi yetu ipo hapo.

Kazi zenyewe ni za aina nyingi: tathmini ya mradi wa katikati au wa mwisho, utafiti mdogo wa kundi fulani, kukadiria idadi ya watu, kuandika andiko la kuomba fedha za Global Fund (mfuko wa dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria), kutengeneza mwongozo au mtaala, kufundisha wahudumu.

Hatua ya 2: Kaa kwenye uga kabla hujauza ushauri

Hapa nitakaa kidogo, maana ndo watu wengi wanataka kuruka.

Omba ruhusa, nenda kliniki ya methadoni asubuhi mapema, kaa kwenye benchi usiandike chochote. Utaona foleni: mpiga debe, muokota skrepa, fundi, dada aliyetoka kazini usiku, mzee mwenye kanzu. Kila mmoja anasogea dirishani, anatambuliwa, muuguzi anapima dawa ya maji kwenye kikombe kidogo, anakunywa palepale mbele yake, anashushia na maji, anaongea neno moja mawili ili muuguzi ajue imeshuka, anaondoka. Kesho tena. Jumapili tena, Idi tena, Krismasi tena. Ukikaa wiki mbili utaanza kuona vitu ambavyo hakuna dodoso litakuambia, kwa mfano nani kachelewa kwa sababu ya nauli, nani kakosa jana kwa sababu alikamatwa, nani anamshika mkono mwenzie.

Nikupe mfano wa kitu nilichokiona kwenye mafaili ya kliniki moja miaka ya nyuma. Kuna kaka alikuwa anakuja kila siku bila kukosa, miezi mingi, afu ghafla akaanza kukosa, mkojo ukaonyesha heroini, na pembeni ya faili mtu ameandika "hana nidhamu". Nikageuza kurasa nyuma kidogo nikakuta wiki chache kabla alikuwa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu. Ndani ya dawa za kifua kikuu kuna rifampisini, na rifampisini inafanya mwili uitoe methadoni haraka kuliko kawaida, kwa hiyo dozi ileile iliyokuwa inamtosha hadi kesho yake ikawa inaisha njiani, usiku anapigwa na arosto, ile hali ya mwili kudai dawa, viungo vinauma, kuhara, halali, na asubuhi anapita maskani kabla hajafika kliniki. Alitakiwa kuongezewa dozi ya methadoni, na nidhamu yake haikuwa na shida yoyote. Baadhi ya ARV za zamani, nevirapini na efavirenzi, zinafanya hivohivo. Dolutegraviri, ARV ya siku hizi, haina shida hiyo na methadoni, ila yenyewe ikikutana na rifampisini inabidi mgonjwa ainywe mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Sasa konsaltanti ambaye hajui hili angekusanya mafaili, angehesabu walioacha, na angependekeza "elimu ya ufuasi iongezwe". Na mradi ungelipia mafunzo ya ufuasi huku watu wanaendelea kuteseka usiku.

Kwa hiyo kama hujawahi kufanya kazi uga, tafuta nafasi yoyote, hata ya kujitolea, mwaka mmoja au miwili. Kituo cha watumiaji, soba hausi (nyumba za wanaoacha dawa), mradi wa kupima usiku, timu ya sindano. Waelimishaji rika ndo walimu wako. Na kwa wale ambao nyie wenyewe mmetumia na mmepita huko, nawaambia kwa moyo wote, hii miaka yenu ni uzoefu wa kazi, iandikeni kwenye CV kama uzoefu wa kazi, mnajua vitu ambavyo sisi tunalipwa kuja kuwauliza. Mtandao wa watu wanaotumia dawa hapa nchini, TaNPUD, upo, anzieni hapo kama hamjui mlango mwingine.

Hatua ya 3: Shika eneo moja

"Konsaltanti wa VVU" ni pana mno, anayekutafuta hajui akuite kwa lipi. Chagua. Kuna wanaojulikana kwa tathmini, wengine kwa maandiko ya Global Fund, wengine kwa tafiti za watu wasiofikika kirahisi, zile za kuponi ambapo mtu mmoja anawaleta wenzake watatu na wale wanaleta wengine (mbinu aliyoianzisha Douglas Heckathorn mwaka 1997, na kama utaifanya Dar jiandae, kuponi zinauzwa mtaani siku ya pili tu ukiweka malipo makubwa).

Mi nilishika wanawake wanaotumia dawa, kwa sababu nilichoka kusoma ripoti zinazosema "wanawake ni wachache kliniki" halafu nukta. Uliza, sababu zipo wazi. Dada aliyefanya kazi usiku kucha analala alfajiri na dirisha la dawa linafungwa kabla hajaamka. Ana mtoto na hana wa kumwachia. Foleni imejaa wanaume wanaomjua, na mmoja wao ndo anampiga. Nilipoanza kuandika hivo kwa undani, mashirika yakaanza kunitafuta kwa jina.

Eneo lolote utakaloshika, endelea kusoma. Mwongozo wa WHO wa makundi maalum ulitoka upya 2022. Juni 2025 Marekani waliidhinisha lenakapaviri, sindano ya kinga ya VVU ya mara mbili kwa mwaka, na Julai WHO wakaipendekeza. Ukiingia kwenye mitingi ukaongelea PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla, kama kidonge tu watu watajua umelala. Sheria pia isome mwenyewe usisubiri kusimuliwa: ya UKIMWI ya 2008 na marekebisho yake ya 2019 yaliyoruhusu kujipima na kushusha umri wa kuridhia kupima hadi miaka 15, na ya dawa za kulevya ya 2015.

Digrii ya uzamili inasaidia, hadidu za rejea nyingi, yani karatasi ya mteja inayoeleza kazi anayoitaka, zinaitaka waziwazi. Kama huna, ungana na mwenye nayo, wewe ulete uga.

Hatua ya 4: Karatasi

Hii fupi. TIN ya TRA ionyeshe kwamba unafanya biashara. Jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama hutaki kutumia jina lako, na leseni. Akaunti ya benki yenye jina lilelile lililo kwenye mkataba, herufi kwa herufi, nimeona mtu anasubiri hela miezi kwa sababu benki inamjua kwa jina la ukoo la baba na mkataba una la mume. Wateja wengi watakudai risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za TRA, ulizia mapema. Kazi za serikali zinapita kwenye NeST, mfumo wa zabuni ulioanza 2023, jisajili hata kama hujaona tangazo. Za umoja wa mataifa wana jukwaa lao la wazabuni, na ReliefWeb, tovuti yenye matangazo ya kazi za mashirika, ipitie kila Jumatatu asubuhi.

CV ya konsaltanti iwe tofauti na ya ajira. Kila kazi iandike mistari mitatu: nani aliitaka (au aina ya mteja kama mkataba unakukataza), wewe hasa ulifanya nini, na kilibadilika nini baadae. Tenga pia ripoti mbili ulizoandika mwenyewe ambazo una ruhusa kuzionyesha, watakuomba.

Hatua ya 5: Kazi ya kwanza iwe ndogo

Usianze na kuongoza timu. Anza kwa kunakili sauti, kutafsiri, kuandika maelezo kwenye vikundi vya majadiliano, kukusanya data. Wengi wanaona hizi kazi ni za wanafunzi, mi naona ndo sehemu ripoti inapopona au kufia.

Kuna kazi nilipewa kuhakiki tafsiri za mahojiano, kijana mmoja mwenye Kiingereza kizuri kabisa alikuwa amezitafsiri. Mhojiwa kasema, "siku ile hatukuwa na hela, tukaazimana bomba". Bomba maskani ni sindano, kijana kaandika kwa Kiingereza kwamba waliazimana bomba la maji. Ukurasa mwingine mtu kasema alikuwa na arosto, imetafsiriwa alikuwa na njaa. Kete, yani kipakiti cha heroini, imekuwa mchezo. Mahojiano 30, na lile jibu ambalo mradi mzima ulikuwa unalitafuta, kwamba watu wanachangia sindano pale hela inapoisha, lilikuwa limefukiwa chini ya mabomba ya maji. Nilikaa siku nne kusikiliza sauti zote upya. Kiongozi wa timu ile ndo aliyenipa kazi yangu ya pili, na ya tatu tukaandika pamoja jina langu likiwa juu.

Kwa hiyo ukipewa kazi ndogo ifanye kama ripoti nzima ni yako. Watu wa fani hii Dar tunajuana wote, jina linatembea haraka pande zote mbili.

Hatua ya 6: Soma hadidu za rejea na kalamu mkononi

Zikifika, kabla hujafurahia, hesabu siku. Nikuonyeshe. Hadidu zinasema tathmini ya mradi, wilaya tatu za Dar, siku 20. Kaa chini: kusoma nyaraka siku 3, ripoti ya awali 2, kutengeneza zana 2, kuzijaribu na kufundisha timu 2, uga 8, uchambuzi 5, kuandika rasimu 4, kuwasilisha 1, kurekebisha baada ya maoni 2. Jumla 29. Ukisaini 20 unafanya kazi siku tisa bure, na utakazozikata ni za uga, maana ndo zinazochosha, na ripoti itatoka nyembamba. Waandikie kabla ya kusaini, kwa adabu, uwaambie kwa siku 20 naweza wilaya mbili, au wilaya tatu kwa siku 29, chagueni. Wengi wanakubali. Anayekataa hata kuongea, mi huwa namwacha aende.

Angalia pia vitu ambavyo hadidu hazijasema. Nani analipa nauli na muda wa washiriki? Nani analipa waelimishaji rika? Kama bajeti haina mstari wa waelimishaji rika uongeze wewe, siku kwa siku, kama sehemu ya timu, sio "soda". Wao ndo wanakupeleka, wao ndo wanabaki pale ukishaondoka, na likitokea baya linawakuta wao kwanza.

Bei ya siku usiikisie, uliza watu wawili waliofanya kazi na mteja huyohuyo. Kumbuka ndani ya hiyo bei kuna bima yako ya afya, michango yako ya uzeeni, bando, kompyuta, na miezi isiyo na kazi.

Hatua ya 7: Vibali

Kama ni utafiti unaohusisha binadamu unahitaji kibali cha maadili, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au kamati ya chuo kinachohusika kama MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, kutegemea na kazi, na Zanzibar wana wa kwao, cha bara hakikuvushi. Weka angalau miezi miwili kwenye ratiba na usimwahidi mteja vinginevyo. Tathmini ya kawaida ya mradi inaweza isihitaji lakini usijiamulie, uliza kwa maandishi upate jibu kwa maandishi. Halafu barua zinashuka: mkoa, wilaya, halmashauri, kata, serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa usimruke kamwe. Na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inakuhusu moja kwa moja, hali ya VVU ya mtu na matumizi yake ya dawa ni taarifa nyeti kuliko unavyoona kwenye kompyuta yako.

Hatua ya 8: Usimwachie mtu hatari

Hili ndo lilinifundisha kazi kuliko yote, na naliandika kama lilivyokuwa.

Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea nilifanya kazi ya kuchora ramani za maskani kwenye wilaya moja. Nilijivunia ile ripoti. Ilikuwa na ramani ya rangi, kila maskani na jina lake la mtaani, idadi ya watu, saa wanazojaa, na picha, nyuso nilizifuta lakini ukuta wa nyuma na mti vilionekana vizuri. Shirika lililonipa kazi likasambaza kwa wadau wote waliokuwa kwenye mitingi, kwa imeili, faili wazi. Miezi kama mitatu baadae mwelimishaji rika mmoja akanipigia, maskani mawili kati ya yale yamevamiwa usiku uleule, watu wamebebwa, wawili kati yao walikuwa wanakunywa methadoni na asubuhi yake hawakufika dirishani. Sijui kama ripoti yangu ndo ilitumika. Maskani yenyewe wanayajua wengi. Lakini nilikuwa nimetengeneza karatasi inayoweza kufanya kazi hiyo na nikaiachia iende, na nilipoenda kuwaona wale watu mama mmoja aliyekuwa ananipikia chai kila nikifika aliingia ndani bila kunisalimia.

Toka hapo nafanya hivi, na we fanya. Maskani yanapewa namba, orodha ya majina halisi inabaki kwenye faili moja lenye nywila, haiingii kwenye imeili wala kwenye WhatsApp. Ramani inaishia ngazi ya kata. Picha za maskani hakuna, hata za ukuta. Kwenye mkataba weka kipengele kwamba data ghafi na majina ya sehemu hazikabidhiwi nje ya timu, na mteja akikataa kipengele hicho mwambie kwa nini, kwa sauti ya kawaida, akikataa tena usifanye hiyo kazi. Sauti za mahojiano zifute siku uliyoahidi kwenye fomu ya ridhaa, weka tarehe kwenye kalenda. Na kabla ya kwenda uga kaa na waelimishaji rika muulizane: polisi wakitukuta hapa, nani anaongea, nani anaondoka, barua iko mfuko wa nani.

Yule mama tuliongea tena baadae, ilichukua zaidi ya mwaka.

Hatua ya 9: Andika isomwe

Ripoti ya kurasa 90 hakuna anayeifungua. Weka kurasa nne za mbele ambazo mtu wa halmashauri anaweza kusoma akiwa kwenye mwendokasi, za Kiswahili. Mapendekezo yasizidi saba, na kila moja liseme nani afanye, lini, kwa fedha ipi. "Serikali iongeze juhudi" sio pendekezo. "Kliniki ifungue dirisha la mchana siku tatu kwa wiki kwa miezi sita na ihesabu wanawake wapya" ni pendekezo, mtu anaweza kukubali au kukataa.

Lugha pia. Usiandike "teja" kwenye ripoti hata kama wao wenyewe wanajiita hivyo maskani, kule ni kwao. Andika watu wanaotumia dawa za kulevya. Usiandike "amefeli matibabu", andika matibabu hayakumfaa, kisha eleza kwa nini.

Na mteja akikuomba upunguze makali ya matokeo, itatokea, lugha unaweza kulainisha, namba usiguse.

Hatua ya 10: Hela na miezi ya ukame

Malipo yagawe kwenye mkataba, mfano asilimia 30 ukikabidhi ripoti ya awali, 40 rasimu, 30 ya mwisho. Usikubali yote kulipwa mwishoni. Mi nimewahi kusubiri ya mwisho miezi saba kwa sababu afisa aliyekuwa anaisimamia kazi aliondoka na aliyekuja hakuikuta kwenye makabidhiano, toka hapo kila ninachokabidhi naomba jibu la imeili la kusema kimepokelewa.

Kodi ya zuio kwa konsaltanti mkazi ni asilimia 5. Mkataba wa milioni 10, unapokea milioni 9 na nusu, ile laki tano imepelekwa TRA kwa jina lako, kwa hiyo dai cheti cha zuio papo hapo ili uje kuihesabu mwisho wa mwaka. Usipodai ni kama umeitupa.

Kazi zinakuja kwa msimu, zinafuata bajeti za wafadhili na mizunguko ya Global Fund, kuna miezi utakataa kazi na kuna miezi simu itanyamaza kabisa. Mwaka 2025 mikataba yangu miwili ilisimama ndani ya wiki moja. Kilichonibeba ni akiba ya miezi mitano na kazi ndogo za kufundisha wahudumu. Ukianza leo, usiache ajira kama unayo mpaka uwe na akiba ya miezi sita, na usiwe na mfadhili mmoja tu nyuma ya kazi zako zote, angalia hela inatoka wapi hasa, maana mashirika manne tofauti yanaweza kuwa yanakunywa kisima kimoja.

Hatua ya 11: Rudi maskani

Hii haipo kwenye hadidu na hakuna atakayekulipa, iweke siku moja na nusu kwenye hesabu zako mwenyewe. Rasimu ikiwa tayari, kabla ya ile ya mwisho, rudi kwa waliokuambia. Bila kompyuta. Chukua karatasi moja yenye mambo makubwa matano, nunua chai na chapati, kaa chini, wasomee.

Mara ya mwisho nilifanya hivi Temeke, kikundi cha akina dada kumi na mmoja. Nilikuwa nimeandika kwamba wanahitaji elimu zaidi kuhusu methadoni. Dada mmoja aliyekuwa ananyonyesha akanikatisha, akaanza kunitajia: dozi inaanza ndogo inapanda taratibu, usichanganye na pombe, ukikosa siku kadhaa unaanzishwa upya chini, mjamzito anaruhusiwa na asiache ghafla. Alipomaliza akaniuliza, hapo nimekosea wapi dada? Hakukosea popote. Akasema nauli ya kwenda na kurudi kila siku na mtoto mgongoni ndo inamshinda, na wenzake wakaanza kuhesabu kila mmoja ya kwake, nikageuza ile karatasi nikaandika nyuma hesabu zao zote kumi na moja. Usiku ule nilifuta pendekezo la elimu, nikaweka la nauli na kituo cha kunywea dawa karibu, na jedwali lao likaingia ukurasa wa tatu.